Barua ya Wazi kwa Mawakili Vijana wa Mwanza Mnaojiandaa Kwenda Ng'ambo

Wanangu,

Nimesubiri wiki mbili hasira yangu ipoe kabla ya kuandika barua hii, na kwa kuwa haikupoa nimeona niandike hivyo hivyo. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mkutano wenu katika ukumbi mmoja kando ya ziwa, kumsikiliza mwenzenu aliyerejea kutoka London, alikokaa miezi mitatu katika kampuni kubwa ya mawakili kwa programu ya kubadilishana uzoefu. Alizungumza vizuri. Alituonyesha picha za jengo la vioo, za madaraja ya mto Thames na za karamu aliyoandaliwa na wenyeji wake, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nilipiga, kwa kuwa ni kijana ninayempenda, na mojawapo ya barua zilizompeleka huko ina saini yangu.

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini kwangu mama mmoja mjane, ameshika hukumu iliyofungwa ndani ya kipande cha khanga. Nawasimulia kisa chake kwa ruhusa yake, bila kutaja jina lake wala kisiwa anakotoka. Alikuwa na shauri la kiwanja dhidi ya shemeji zake, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilikuwa limempa ushindi shemeji mkubwa. Wakili wake, ambaye ndiye huyo kijana wetu wa picha, alimwambia asiwe na wasiwasi, kwamba wangekata rufaa Mahakama Kuu, na akapokea sehemu ya malipo. Mnajua sheria inasema nini: rufaa ya namna hiyo hukatwa ndani ya siku 45 tangu hukumu itolewe. Kijana alipanda ndege siku ya 12. Faili lilibaki kwenye droo yake, na katika ofisi ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeambiwa kwamba lipo. Mama huyo alilipa nauli ya boti mara tatu kuja mjini kuulizia, na mara zote tatu aliambiwa na mpokeaji wa wageni kwamba wakili yuko Ulaya.

Siku 45 zilipita. Kinachobaki ni kuomba kuongezewa muda, na sina haja ya kuwafundisha ugumu wake, kwa maana kila mmoja wenu ameshawahi kuandika kiapo cha namna hiyo akitoka jasho. Mwombaji anatakiwa kueleza kila siku iliyopotea, hata ikiwa ni moja, na mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba uzembe wa wakili peke yake si sababu ya kutosha. Yaani mama huyu anatakiwa kujibu kwa siku ambazo hakuzipoteza yeye. Maombi yake sasa yako mbele ya Jaji, hivyo sitasema zaidi kuhusu shauri lenyewe.

Msinielewe vibaya. Sikatazi mtu kusafiri. Nilipokuwa na miaka minne tu ya uwakili nilipelekwa London kwa wiki sita, nikakaa katika chemba za mawakili wanaosimama mahakamani, wale wanaoitwa barista, ambao kwa Waingereza ni kundi tofauti na masolisita wanaokutana na mteja na kuandaa nyaraka. Kila barista hujitegemea kipato chake, lakini chini ya paa moja hushirikiana makarani, na ni karani anayepanga nani asimame wapi. Nilichokiona huko kimenilisha mpaka leo, na hakikuwa jengo. Barista akibanwa na mashauri mawili siku moja, karani humrudishia solisita moja kati ya hayo, mara nyingi kwa kumtafutia barista mwingine wa chemba ileile, na huyo mwingine huweza kulipokea jioni akasimama nalo mbele ya jaji asubuhi. Nilidhani ni ubingwa wa vichwa vyao. Hapana, ilikuwa ni faili. Makaratasi yalifungwa kwa utepe wa rangi ya waridi, yamepangwa kwa tarehe, na juu yake kulikuwa na maelezo mafupi ya mahali shauri lilipofikia na kinachoombwa. Siku moja mkubwa wangu alinipa faili la mtu nisiyemjua, akaniacha nalo kwa saa moja, kisha akanitaka nimweleze shauri hilo. Niliweza. Nikakumbuka mafaili yangu niliyoyaacha Mwanza, ambayo hata mimi mwenyewe nilihitaji nusu siku kuyaelewa, nikaona aibu iliyoninyima usingizi usiku ule.

Niliporudi sikufanya mkutano wa kuonyesha picha. Nilianzisha ukurasa mmoja wa mbele katika kila faili la ofisi yetu: jina la mteja na namna ya kumpata, hatua ya mwisho iliyofanyika, tarehe ijayo, siku ya mwisho ya kisheria iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, na maneno hasa ambayo mteja ameambiwa. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kijana wetu angekihitaji kuliko vyote, kwa sababu mteja aliyeahidiwa rufaa hahangaiki kutafuta wakili mwingine, hukaa akingoja. Ukurasa huo umetuokoa wakili alipougua ghafla, alipofiwa, na alipoteuliwa kuwa hakimu akaondoka ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo, wanangu, kabla ya kuulizia viza, kaeni na mwenzenu wa ofisini mezani mpitie mafaili yote, moja baada ya jingine, na akubali kwa maandishi kwamba ameyapokea. Mteja naye aambiwe mapema, na aambiwe kwa Kiswahili au kwa lugha anayoielewa zaidi, kwamba nani atamsimamia na kwa namba gani atampata. Akikataa mrithi uliyempa, mrudishie faili lake na fedha ambazo hujazifanyia kazi. Siku hizi mahakama zetu zinapokea nyaraka kwa mtandao, hivyo hata ukiwa ng'ambo unaweza kumtumia mwenzako rasimu usiku akaiwasilisha asubuhi. Sikumbuki wakati ambapo kumtelekeza mteja kulikuwa na visingizio vichache kama sasa, na bado kunatokea, na bado tunapiga makofi.

Mambo mengine nitayataja tu. Programu zinazoaminika, kama Chevening ya serikali ya Uingereza na Fulbright ya Marekani, hazitozi ada ya kuomba, hivyo dalali wa mjini anayewadai fedha ili "awaingize" ni mwizi. Chevening hutaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa takribani miaka miwili, na humtaka arudi nchini kwake kwa miaka miwili baada ya masomo. Aliyekwenda Marekani kwa viza ya mabadilishano kwa fedha za serikali, kwa kawaida naye hubanwa na sharti la kukaa nyumbani miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuhamia huko. Someni masharti hayo kabla ya kusaini, kama ambavyo mngemsomea mteja mkataba wake. Siri za wateja haziendi safari pamoja nanyi, wala kwa mifano ya kupamba mazungumzo.

Mtaniuliza elimu ya ng'ambo itawasaidia nini wanaoshughulika na viwanja vya Igoma na mirathi ya Sengerema. Jibu lipo hapa hapa Mwanza. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu katika mji huu aliamua shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililoanzia katika Mahakama ya Mwanzo wilayani Muleba. Mwanamke wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo, na mpwa wake akadai kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Jaji aliikataa mila hiyo akisimamia Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na pia mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania iliridhia, ukiwemo ule wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake. Mikataba iliyojadiliwa mbali na ziwa hili ikamfaa mwanamke wa Muleba. Mikoani kwetu pia yapo mashauri ambayo ufumbuzi wake umetafutwa ng'ambo: mwaka 2013 wanakijiji wa maeneo ya mgodi wa dhahabu wa North Mara waliishtaki kampuni ya mgodi katika Mahakama Kuu ya Uingereza, na mwaka 2015 madai yao yakamalizwa kwa maelewano. Yule kati yenu atakayejifunza London namna mashauri ya aina hiyo yanavyoandaliwa, ushahidi unavyokusanywa na mashahidi wanavyolindwa, atakuwa na kazi kubwa ya kufanya Tarime na Geita.

Halafu nashangaa kwa nini neno "kimataifa" kwenu huanzia kwenye ndege. Ziwa hili ni la nchi tatu. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994, liko Jinja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu. Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu zote ziko Arusha. Mvuvi wetu hukamatwa na nyavu zake upande wa jirani, na mfanyabiashara wa dagaa huuziana na mtu wa Kenya bila karatasi yoyote. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliwahi kuzuia samaki wa ziwa hili kwa sababu za kiafya, na viwanda vyetu vya minofu ya sangara vikatikisika. Ni wangapi kati yenu waliowahi kukaa hata mwezi mmoja katika ofisi ya wakili wa Kisumu au Kampala? Nauli yake ni ya basi. Mwenzenu wa huko angekuja kwetu, nanyi mngekwenda kwake, na hayo yangekuwa mabadilishano ya kweli, kwa maana hizi safari za upande mmoja, ambapo sisi tunakwenda kwao na wao hawaji kukaa Buswelu na kuona shauri linavyosikilizwa, zinatufanya wageni wa kudumu.

Nisiwalaumu ninyi peke yenu. Sisi wakubwa tumewakosea. Tunazificha taarifa za nafasi hizi mpaka ziwafikie watoto wa rafiki zetu, na tunasaini barua za kuwasifia vijana bila kuwauliza faili ngapi wanaziacha mezani, kama nilivyofanya mimi, na jambo hilo nimemwomba mama yule msamaha kwa mdomo wangu. Wenye ofisi wengine humwambia kijana akienda asirudi, hivyo kijana huondoka kimyakimya kama mtoro, na anayeondoka kwa kujificha hawezi kukabidhi kitu. Na jamii nayo, kuanzia makanisani hadi kwenye vikao vya ukoo, humsimamisha aliyetoka Ulaya akashangiliwa, ilhali aliyeshinda gereza la Butimba akiwatetea mahabusu mwaka mzima bila malipo hakuna anayemjua.

Wewe kijana uliyeonyesha picha, ninajua utaisoma barua hii, na ninajua hukulala vizuri tangu nilipokupigia simu. Sijakutupa. Ulipewa nafasi uliyostahili, na akili yako bado naitegemea. Kiapo cha kuunga mkono maombi ya mama yule kinahitaji maelezo yako mwenyewe, siku kwa siku, kuanzia ile ya 12, na ni wewe tu unayeweza kuyaapa. Yatakuumiza na yanaweza kukufikisha mbele ya kamati ya maadili, lakini bila hayo mama hana la kumwambia Jaji. Njoo ofisini kwangu Jumatatu saa mbili asubuhi tuyaandike. Jumatano tutavuka maji pamoja kwenda kwake, nawe utamweleza mwenyewe kilichotokea, kwa Kiswahili chepesi, ukiwa umeketi pale atakapokuonyesha.

Ni mimi mama yenu katika taaluma,
Wakili, Nyegezi, Mwanza