Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi, Bonde la Kilombero

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu: Tumsifu Yesu Kristo, Assalaam aleikum.

Tunakushukuru kwa kuwaacha mbu wako maabara ukaja kutusikiliza. Mwaka huu klabu ilijiuliza swali moja: mtafiti anajuaje kazi ya jeni fulani ndani ya mbu?

Huinyamazisha, kisha hutazama kinachobadilika. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwa minyoo wadogo kwamba RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni) ikiwa ya nyuzi mbili huzima jeni inayolingana nayo. Wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mbu hulazwa kwa baridi au hewa ya kaboni, akadungwa RNA hiyo kifuani kwa sindano ya kioo, mara nyingi nanolita 69 tu (nanolita ni sehemu moja ya bilioni ya lita). Vimeng'enya vyake mwenyewe huikata vipande, navyo husaka ujumbe wa jeni ile na kuuharibu kabla protini haijatengenezwa. Jeni yenyewe haiguswi, na athari hupungua baada ya muda. Tunalisema hili kwa wazazi waliotuuliza kama tunafundishwa kuunda mbu wapya.

Kilichotuvutia zaidi ni mbu wa kulinganishia. Nao hudungwa, ila kwa RNA ya jeni ya konyeza wa baharini, ambayo mbu hana. Wasingekuwepo, nani angejua kama mbu kadhoofishwa na kuzimwa kwa jeni au na sindano?

Mwaka 2004 Stephanie Blandin, Elena Levashina na wenzao waliizima hivyo jeni iitwayo TEP1 katika Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria, kisha wakawalisha mbu damu yenye vimelea vya malaria ya panya. Walipopasua matumbo na kuhesabu, vimelea vilikuwa vimeongezeka kama mara tano. Kumbe mbu naye anapigana na malaria, na TEP1 ni mmoja wa askari wake!

Ndugu Mgeni Rasmi, hapo ndipo penye shauku yetu. Kazi hiyo ilifanyika Ulaya, kwa mbu wa kufugwa na vimelea vya panya. Hapa bondeni anayetuambukiza zaidi ni Anopheles funestus, mbu mgumu kumfuga, na vimelea vyetu ni falciparum, vya malaria ya binadamu. Kilichoonekana kwa vimelea vya panya si lazima kionekane kwa vyetu. Tunaamini kazi ya kulichunguza hilo inawahitaji vijana wa hukuhuku.

Hivyo tunaomba mambo mawili. Hadubini zetu hazitoshi, tunaomba utusaidie kupata nyingine. La pili, wanafunzi wa Kidato cha Tano waruhusiwe wakati wa likizo kuingia kwenye nyumba yenu ya kufugia mbu, wajifunze kutambua spishi na kupasua tumbo la mbu bila kulichana. Sindano ya kioo hatuiombi. Mikono yetu bado inatetemeka.

Tunaomba kuwasilisha.