Udongo wa Kupandishwa Ngazi

Nagasaki, Japani

Mama, shikamoo. Naamini baridi ya Isyonje haijakuzidi. Mimi mzima, na ile hela ya mbolea nimeituma kwenye simu ya dada.

Ujumbe wako kuhusu mdogo wangu nimeusikiliza mara tatu. Eti shamba la viazi liuzwe, ajenge fremu za maduka Makongolosi, kule Chunya, kwa sababu dhahabu imechanganya. Uliniomba neno. Sikuwa nalo, mpaka Jumamosi nilipopanda boti kwenda Hashima.

Ni kijisiwa kisichofika hata nusu kilomita kwa urefu. Chini yake palichimbwa makaa ya mawe, na kampuni ya Mitsubishi ilikinunua mwaka 1890. Mwaka 1916 wakasimamisha ghorofa la zege la wafanyakazi, wakati Japani karibu yote ikilala kwenye nyumba za mbao. Kufikia 1959 waliishi humo watu 5,259, kwenye eneo la kama ekari 16. Walikuwa na shule, hospitali, hata sinema. (Wakati wa vita, Wakorea na Wachina walishushwa mgodini kwa lazima. Hilo nalo lisisahaulike.)

Lakini kilichonishika, Mama, ni udongo. Kile kisiwa ni mwamba na zege tupu, huna pa kupanda hata mchicha. Basi watu wakawa wanaleta udongo kwa chombo kutoka ng'ambo, wanaupandisha ngazi mpaka juu ya paa, wanalima mboga huko! Hata maji ya kunywa yaliletwa na meli, mpaka bomba la chini ya bahari lilipofika mwaka 1957. Nikatukumbuka sisi tukikwangua matope meusi ya Isyonje kwenye viatu huku tukinung'unika.

Halafu nchi ikageukia mafuta ya petroli. Mgodi ukafungwa Januari 1974, na Aprili mwaka huohuo hakubaki mtu. Hawakuwa wajinga wale, Mama, walikuwa na mishahara mizuri na televisheni ndani. Sasa ni madirisha matupu, na sisi wageni tunapitishwa kwenye kijia kimoja tu tusije tukaangukiwa na kuta.

Najua atasema Makongolosi si Japani. Kweli, na lami imefika. Ila Chunya ilishawahi kuchangamka na kunyamaza. Babu mzaa baba aliifuata dhahabu ya Lupa, hukohuko Chunya, miaka ya 1930, watu wakimiminika kutoka kila upande, Wazungu kwa Waafrika. Alirudi na baiskeli na blanketi. Baba alikuwa akisimulia hilo kwa kucheka, lakini nadhani babu aliweza kurudi kwa kuwa palikuwa na mahali pa kurudi.

Simkatazi kwenda. Kelele za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu zina utamu wake, na yeye hajawahi kupenda jembe. Aende, apange fremu ya mtu mwingine kwa mwaka mmoja aone. Kodi ya miezi sita ya mwanzo nitatuma mimi. Shamba lisiuzwe, wala hati isiwekwe rehani. Mpe barua hii aisome kwa macho yake, asisimuliwe.

Na hao madalali wa viazi wakija msimu huu, msiwakubalie lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo.

Ndaga fijo, Mama. Nisalimie wote.

Mwanao