Malalamiko: makala yangu kuharibiwa na mhariri wenu, na maneno aliyonitamkia

Kwa Meneja,

Salamu kwanza. Nakuandikia kwa adabu niliyolelewa nayo, ingawa hii ni siku ya nne usingizi wangu si usingizi. Masharti yenu ya kazi mnayajua wenyewe, sitayarudia.

Kiingereza changu kina kasoro, na nilizitaja mwenyewe nilipotuma makala: nachanganya "he" na "she", kwa sababu kwetu yeye ni yeye, awe mume au mke, na "the" hunipotea. Hayo ndiyo niliyowalipa shilingi 24,000 mnirekebishie. Mhariri wenu akakuta "he" moja iliyoniponyoka ukurasa wa tatu, asiulize, akageuza makala nzima kuwa ya wanaume. Bibi yangu kawa babu. Binti kawa kijana wa kiume. Na makala yenyewe inaeleza desturi ya Waamu, watu wa Lamu, ya baba kumpa binti nyumba anapoolewa, na kwa nini wikio, yaani daraja la kuunganisha nyumba mbili, hujengwa juu ya kichochoro, mama na mwanawe wapitiane bila kushuka njiani! Kimebaki nini hapo?

Boriti nayo kaifuta, kaandika mbao. Nilieleza wazi kwamba boriti ni mti wa mkoko, na urefu wake ndio unaopima upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Mhariri asiyeelewa huandika swali pembeni. Katika kurasa 22 sikuona swali hata moja.

Nikampigia simu mhariri huyo. Kuta za Mkomani, mtaa wetu hapa Lamu, ni nene, mtandao haupiti, nikatoka barazani na kuweka simu kwenye spika kwa sababu upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Akanijibu: "Mama, hiki si Kiingereza. Tafuta Mzungu akuandikie."

Naomba mnirudishie nusu ya pesa, na mhariri mwingine aipitie kazi upya.

Tena mliahidi siku saba, zikawa kumi na tisa, na jarida nililokusudia likafunga mlango. Siku ya kumi na mbili niliuliza nikaambiwa "iko mikononi mwa mtaalamu". Mtaalamu huyo ndiye huyo.

Bwana Meneja, hebu nikueleze tena ile simu, maana nahisi sijaieleza. Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu wawili walikuwa wamekaa barazani hapo hapo, wamekuja kuchukua madaftari. Nilimuuliza kwa upole, "Mwanangu, umeusoma ukurasa wa tatu mpaka mwisho?" Akacheka kwanza. Kicheko kilisikika mpaka ng'ambo ya kichochoro. Ndipo akasema: "Mama, hiki si Kiingereza. Tafuta Mzungu akuandikie." Yule mdogo akainamisha kichwa, akawa anafungua na kufunga kamba ya kiatu chake, asinitazame. Watoto hao nawahimiza kila siku waandike Kiingereza bila kuogopa kukosea.

Kwa hiyo nusu siitaki tena. Nataka shilingi 24,000 zote, na barua ya kuniomba radhi yenye sahihi yako wewe, si ya karani. Mhariri huyo naye anipigie simu, nitaiweka kwenye spika papo hapo barazani, na wale watoto watakuwepo. Makala yangu muifute kwenye mashine zenu. Sitaki kuona siku moja bibi yangu ametolewa mahali akiwa na ndevu.

Nawapa siku 14. Zikipita, nakala zote mbili ninazo, yangu na yenu yenye alama nyekundu, pamoja na risiti. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 nimeisoma, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Langu ni dogo mno kwao, lakini nitalipeleka, na nitajieleza mwenyewe bila wakili. Nikitakiwa kujieleza kwa Kiingereza, nitajieleza kwa Kiingereza hicho hicho.

Mteja wenu,
Mkomani, Lamu