Malalamiko kuhusu usiku wa kambi ya Karanga tuliolipia, hatukulala

Kwa Meneja wa Safari,

YAH: KUPUNGUZWA KWA SIKU YA SAFARI YETU YA KILIMANJARO, NJIA YA MACHAME

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmoja wa wateja wanne mliotupandisha mwezi uliopita. Tulilipia siku saba, mkatupandisha na kutushusha kwa sita.

Siku ya saba hatukuitaka sisi. Ofisa wenu wa mauzo ndiye aliyetushauri, tena akatuchorea kwenye karatasi: siku ya tatu mnapita Lava Tower, mita 4,600 hivi, mnashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000 ili mwili uanze kuzoea hewa nyepesi. Siku ya nne mnakwenda pole pole hadi Karanga, mnalala. Ya tano mnafika kambi ya Barafu mchana, mnajinyoosha, usiku mnakitafuta kilele. Maelezo yalieleweka, tukaongeza hela. Karatasi hiyo ninayo.

Siku ya nne, tumetoka kuupanda Ukuta wa Barranco na miguu bado inatetemeka, kiongozi akapigiwa simu. Akasogea pembeni. Aliporudi akasema hatulali Karanga, tunaunganisha hadi Barafu kwa sababu hali ya hewa inabadilika. Karanga tukala chakula cha mchana huku wagumu, yaani wapagazi, wa makampuni mengine wakisimika mahema, sisi tukabeba mabegi. Tulifika Barafu jua linazama, na usiku ule nyota zilijaa anga nzima. Tulilikuta pale kundi lenu jingine, la siku sita, tukachanganywa nalo hema la kulia na waongozaji. Hapo hakuna aliyeuliza tena habari ya hali ya hewa.

Saa sita usiku tukaanza kupanda. Yaani kutoka asubuhi ya Barranco hadi alfajiri ya kilele ni karibu mita 2,000 za kupanda, bila usingizi wa maana. Mwenzetu mmoja alitapika mara tatu, akaanza kuyumba na kujibu ovyo. Mwongozaji msaidizi alimshusha upesi kabla ya Stella Point, ukingoni mwa kreta chini kidogo ya kilele, na namshukuru kwa hilo. Wa pili alifika Stella Point akageuka. Tuliofika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni wawili. Sisemi wote tungefika kama tungelala Karanga, mlima haumwahidi mtu. Nasema wenzetu walinyang'anywa nafasi waliyoilipia.

Na wagumu je? Maji ya mwisho kabla ya Barafu yako bonde la Karanga, kwa hiyo siku ile walipandisha mzigo na maji ya makundi mawili, mwendo wa siku mbili ndani ya moja. Tukishuka kwa njia ya Mweka, wawili kati yao waliniambia walishahesabu malipo ya siku saba, sasa watapokea ya sita. Kiongozi simlaumu, aliyempigia simu ndiye ninayetaka anijibu.

Naomba kwanza nakala ya kibali chetu cha hifadhi. Tozo za hifadhi hulipwa kwa siku na za kambi kwa usiku, hivyo kibali kitasema wazi mlitulipia siku ngapi tulipoingia geti la Machame. Kama ni sita, basi mlishatukata siku kabla hatujapiga hatua ya kwanza, na simu ile ilikuwa maigizo. Naomba pia mturudishie sisi wanne tofauti ya bei kati ya safari ya siku saba na ya siku sita, na wagumu wetu wote walipwe siku yao ya saba.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipokuja, mchoro wa ofisa wenu na stakabadhi zetu nitaviwasilisha kwa uongozi wa hifadhi na kwa wanaowapa leseni.

Wenu,
Mteja, kwa niaba ya wenzangu watatu