Lile dude la shaba la Babu, msiliuze

Kiel, Ujerumani

Mama mpenzi,

Shikamoo. Na shikamooni wote hapo Temeke: Bibi, Baba Mdogo na Shangazi. Mimi ni mzima, kazi zinaendelea, baridi imeanza kung'ata lakini nguo nzito ninazo, usiwe na wasiwasi.

Dhumuni la barua hii ni lile dude la shaba alilotuachia Babu. Mdogo wangu ameniambia yule kijana wa vyuma chakavu amerudi tena na mizani yake, na Baba Mdogo ameanza kulegea kwa sababu ya bati zinazovuja. Nawaombeni msimpe. Someni barua hii mpaka mwisho, msomeeni na Bibi, ndipo muamue.

Lile si kengele ya kanisa, si kinu, wala si chombo cha Waarabu kama alivyodai yule fundi wa Mtoni. Ni ganda la risasi ya mzinga, na mzinga wenyewe ulikuwa wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoishia kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915. Yaani kwetu kabisa, kule alikozaliwa Babu.

Baba Mdogo ataniuliza nimejuaje nikiwa mbali hivi. Mdogo wangu ndiye aliyefanya kazi, mpeni pongezi zake. Alipitisha sumaku mwili mzima wa lile dude, haikunasa popote, na pale palipokwaruzika panang'aa manjano. Kwa hiyo ni shaba ya manjano tupu, si chuma kilichopakwa rangi. Akalipindua akapiga picha kitako. Kina ukingo uliotokeza kidogo nje ya mwili, na katikati pana tundu la duara. Ukingo ule ndio mzinga unaoukamata ili kulitoa ganda baada ya kufyatua, na tundu ni mahali pa kiwashio. Nilimwambia amulike tochi kabla ya mtu yeyote kuligonga tena. Tundu liko wazi na ndani ni kweupe, hakuna baruti. Bakora za Babu zilikaa mle miaka yote bila hatari. Lakini ndugu zetu wa Rufiji waambieni: wakikuta kama hilo shambani au kwenye matope likiwa bado na kichwa chenye ncha, wasiliguse, waite polisi.

Vipimo ndivyo vilivyonikosesha usingizi. Mdomo wake kwa ndani ni milimita 105. Waingereza nao walikuwa na mizinga ya inchi nne, ambayo ni milimita 102 hivi, na mdomo wa hili la kwetu umebonyea upande mmoja. Rula ya shule haiwezi kuamua kesi ya milimita tatu. Ndipo nikamwomba mdogo wangu aweke karatasi juu ya kitako na kuisugua taratibu kwa penseli. Ilipojitokeza ile chapa nilisimama peke yangu chumbani. Mali ya jeshi la Uingereza hupigwa alama ya mshale mpana. Hapa hakuna mshale. Kuna herufi M yenye taji juu yake, alama ya jeshi la majini la Kaisari wa Ujerumani, na jina la Karlsruhe, mji uliokuwa na kiwanda cha risasi. Wajerumani walileta pia mizinga mifupi ya milimita 105 mwaka 1916, kwa meli iliyoitwa Marie, ila ile ilikuwa ya vita vya nchi kavu na maganda yake ni mafupi. La Babu ni refu, linabeba bakora na mwavuli bila kupinduka, na taji lile ni la majini.

Königsberg iliundwa hapa hapa Kiel, ikashushwa majini mwaka 1905. Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105. Ilifika Dar es Salaam mwaka 1914, kabla tu ya vita, na tarehe 20 Septemba mwaka huo iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja. Baadaye ikajificha kwenye mikondo ya Rufiji. Waingereza walishindwa kuifuata kwa meli zao kubwa, maji ni haba, mpaka walipoleta mbili za kina kifupi kutoka Malta, Severn na Mersey. Walipigana tarehe 6 Julai 1915, wakarudi tena tarehe 11, na siku hiyo Wajerumani wakaizamisha wenyewe.

Mnakumbuka Babu alivyokuwa akisimulia kwamba baba yake aliona ndege ikizunguka juu ya mikoko? Wapo waliosema mzee anaongeza chumvi. Ni kweli tupu. Mwaka ule ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia, zikawa zinaitafuta meli ile na kuwaonyesha wapiga mizinga mahali risasi zinapoangukia. Babu hakulisoma jambo hilo kwenye kitabu chochote. Alilipokea kwa baba yake.

Na jambo linaloniuma ndilo hili. Meli ilipozama, mizinga yote kumi ilitolewa majini ikakokotwa kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, na karakana ya reli ikaitengenezea magurudumu. Mmoja ulipanda treni hadi Kigoma ukafungwa kwenye meli Goetzen, ambayo ndiyo hii hii MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Mwingine uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Safari ya kila mzinga unaweza kuisoma vitabuni. Jina la nahodha, Looff, lipo. Waliovuta kamba kwenye tope lile, mamia ya watu weusi, majina yao hayapo. Hata Sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawashukuru wapagazi kwa jumla tu. Na katika vita ile walikufa makumi ya maelfu.

Kwa hiyo Mama, kaa na Bibi siku akiwa ametulia, mdogo wangu arekodi kwa simu. Muulizeni baba yake Babu alilipataje. Alivuta mizinga? Alilazimishwa, au alilipwa? Aliliokota ufukweni baada ya mapigano, au alinunua? Aliishi kijiji gani wakati ule? Msimkatize na msimsahihishe miaka, miaka nitaipanga mimi. Muulizeni pia Shangazi peke yake, wakiwa pamoja Shangazi humwachia Bibi aseme yote.

Lile ganda lenyewe lisisuguliwe kwa Brasso, wala ndimu, wala ukwaju na majivu. Najua Shangazi anapenda shaba ing'ae kwa ajili ya Idi, lakini chapa imeshakwisha kiasi na kila msuguo unaila. Kitambaa kikavu kinatosha. Litoeni barazani liingie ndani. Mkipata nafasi, lipelekeni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, walione na kulipiga picha, kisha mrudi nalo nyumbani. Hata wakiomba kubaki nalo, jibu la kwanza liwe kwamba familia haijakaa kikao.

Baba Mdogo, kuhusu bati umesema kweli na sikulaumu. Masika hayasubiri. Nitatuma nusu ya gharama mwisho wa mwezi, nusu nyingine tuongee na Baba Mkubwa. Yule kijana alipe kwa kilo masufuria yaliyotoboka na lile jiko bovu, hayo mpeni.

Nisalimieni majirani wote. Nasubiri sauti ya Bibi.

Mwanao akupendaye