Mirabaha ya Asiyetambuliwa Isigawiwe Waliotambuliwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kuliandikia hata mara moja, na ningeendelea kunyamaza lau si ile taarifa yenu kuhusu vyama vya hakimiliki na jinsi makusanyo yake yalivyopanda. Karibu kila aya ilihusu pesa inayoingia: leseni zilizotolewa, vituo vya utangazaji vilivyokubali kulipa baada ya kutishiwa mahakama, kumbi na hoteli zilizokaguliwa. Mgao uliguswa kwa sentensi moja tu, kwamba wanachama wanaendelea kulipwa. Mimi ni mtunzi wa nyimbo na ni mwanachama, na jambo lililopitwa kwa sentensi hiyo moja ndilo linalotuumiza.

Sipingi kuwapo kwa vyama hivi. Hakuna mtunzi awezaye kubisha hodi kwenye kila redio, kila ukumbi na kila mtandao unaotumia kazi yake. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikataa kulipia kinywaji chake katika mkahawa mmoja wa Paris kwa sababu mkahawa huo ulikuwa unatumbuiza wateja kwa kazi yake bila kumlipa, na mahakama ikampa haki. Kutokana na kisa hicho ilizaliwa SACEM, chama cha watunzi cha Ufaransa, mwaka 1851, na vyama vya aina hiyo vikaenea hadi kuwa na shirikisho lao la kimataifa, CISAC, lililoundwa mwaka 1926. Bourget alikuwa akidai malipo yake mwenyewe kwa wimbo wake mwenyewe, na sisi tulipozikabidhi haki zetu kwa chama tulitarajia hivyohivyo.

Sasa nieleze lililonipata. Chama changu, ambacho sitakitaja, hutoa orodha ya kazi ambazo zimepigwa na kulipiwa lakini wenyewe hawajatambuliwa. Katika orodha hiyo niliukuta wimbo wangu. Jina lake lilikuwa limepungua herufi moja. Safu ya msanii ilikuwa na jina la mwimbaji aliyeurekodi, limeandikwa bila kosa, na muda wa wimbo ulikuwa sahihi hadi sekunde ya mwisho, ila safu ya mtunzi ilikuwa na kistari kifupi tu. Wimbo huohuo niliusajili katika chama hichohicho, kwa fomu iliyogongwa mhuri mbele ya macho yangu, na una namba yake ya ISWC, ile inayoanza na herufi T na kuutambulisha utunzi popote duniani. Mimi nami nina namba ya IPI inayonitofautisha na kila mtunzi mwingine mwenye jina kama langu. Nilikwenda ofisini na nakala zangu. Afisa aliyenipokea, ambaye sina ugomvi naye hata kidogo, alifungua sajili kwenye kompyuta, akaupata wimbo, akanisomea namba yake kwa sauti, kisha akaniambia kwamba orodha ya wasiotambuliwa hutoka katika mfumo mwingine, na mifumo hiyo miwili haisomani. Nikauliza pesa ya miaka iliyopita iko wapi. Akajibu kwamba muda wa kudai ulikuwa umekwisha, na pesa hiyo ilikwishaingizwa katika mfuko wa jumla na kugawiwa wanachama wengine kulingana na malipo ya kila mmoja.

Hebu tulitazame vizuri jibu hilo, Mhariri, kwa maana si la afisa mmoja wala la chama kimoja. Vyama vingi vina utaratibu wa namna hii, na wengi wanaoutetea huuita mgao wa haki. Pesa ambayo mwenyewe hakupatikana hugawanywa kwa uwiano wa mapato yanayojulikana. Kwa hiyo anayepata fungu kubwa la pesa yangu ni yule ambaye nyimbo zake hazikosewi herufi, mwenye mchapishaji wa kumfuatilia na mwanasheria wa kumpigania, yule ambaye tayari ndiye aliyelipwa zaidi. Mtunzi mdogo, ambaye kazi zake ndizo hupotea kwa urahisi, anawachangia wakubwa kila mwaka bila kuulizwa wala kujulishwa. Chama chenyewe hakipotezi chochote: makato ya uendeshaji kimeshayachukua, hesabu zimefungwa bila deni, na kadiri muda wa kudai unavyopita ndivyo kazi ya kunitafuta inavyopungua. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Tena wenye sauti ya kuubadilisha utaratibu huu mara nyingi ndio haohao wanaonufaika nao, kwa sababu katika baadhi ya vyama, GEMA ya Ujerumani ikiwa mfano mmoja, haki kamili ya uanachama huhitaji mtu awe amefikisha kiwango fulani cha mapato kupitia chama. Mtu ambaye mapato yake yamepotea kwenye orodha ya wasiotambuliwa atayafikishaje?

Wala asiseme mtu kwamba ni pesa kidogo. Marekani ilitunga sheria mwaka 2018 iliyozaa chombo kipya cha kukusanya mirabaha ya nakala za muziki wa mtandaoni, na mwezi Februari 2021 kampuni za mitandao ya muziki zikakikabidhi zaidi ya dola milioni 424 za malimbikizo ambayo wenyewe walikuwa hawajaoanishwa na kazi zao. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2014, ulivitaka vyama vigawe pesa ndani ya miezi 9 tangu mwaka wa fedha ilipokusanywa kwisha, viwaonyeshe wanachama taarifa za kazi zisizo na mwenyewe, na wasipopatikana taarifa hizo ziwekwe hadharani kwa watu wote. Ni hatua njema. Hata hivyo, hata huko, miaka 3 ikishapita pesa inaweza kuhesabiwa kuwa haigawiki, na uamuzi wa matumizi yake unarudi kwenye mkutano mkuu wa wanachama.

Kuna na jambo la watangazaji, ambalo limenikera muda mrefu. Mtangazaji atamtaja mwimbaji, atamtaja mtayarishaji, atasalimia marafiki wa mwimbaji, lakini jina la aliyeutunga wimbo hulisikii. Wengine watasema ni suala la heshima tu, ila mimi nasema ni suala la malipo, kwa sababu mtu asiyelijua jina hawezi kuliandika, na orodha ya nyimbo zilizopigwa ndiyo msingi wa mgao wote. Kituo hulipa leseni ya jumla, kiasi kimoja kwa nyimbo zote, kwa hiyo hakidaiwi senti zaidi kikijaza safu ya mtunzi wala hakisamehewi senti kikiiacha wazi. Orodha huletwa imechelewa na ina mapengo, na chama huipokea hivyohivyo. Pengine chama hakitumii hata orodha kamili, bali sampuli ya siku chache, na wimbo usiopigwa katika siku hizo unahesabiwa kana kwamba haukupigwa kabisa.

Napendekeza hivi. Kabla pesa yoyote haijaingizwa katika mfuko wa jumla, mtu mwenye macho, si programu peke yake, ailinganishe orodha ya wasiotambuliwa na sajili ya chama chenyewe, jina kwa jina, kwa kuangalia pia mwimbaji na muda wa wimbo, kisha atie saini kwamba amefanya hivyo. Orodha ibandikwe hadharani kwa mpangilio wa alfabeti, na kila wimbo uonyeshe kiasi cha pesa kilichoshikiliwa kwa ajili yake. Kituo kisichojaza safu ya mtunzi kisipewe leseni ya mwaka unaofuata hadi kiijaze. Pesa itakayobaki iwekwe katika akaunti ya peke yake, isigawiwe yeyote kwa uwiano, na faida itakayozaa ilipe mishahara ya wale wanaotafuta wenyewe. Taarifa ya mwaka ya chama ianze na jumla ya pesa hiyo, ukurasa wa kwanza, kabla ya jumla ya makusanyo.

Nawe, Mhariri, vyama hivi vitakapokuletea tena takwimu za makusanyo, naomba mwandishi wako aulize kiasi ambacho hakijapata mwenyewe, na kilikopelekwa mwaka uliotangulia, na mzichapishe takwimu hizo mbili pamoja.

Mtunzi wa nyimbo
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)