Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Msamaha wa hospitali nao una gharama

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia wewe, si mwenzako wa Afya, kwa sababu jambo hili linaonekana wodini lakini mzizi wake uko Hazina.

Kwa miaka mingi nilikaa ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali moja ya mkoa. Mgonjwa hafiki katika chumba kile mpaka ameshindwa kwenye dirisha la malipo. Anaingia na bili mkono mmoja, barua ya mwenyekiti wa mtaa mkono wa pili. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza analala wapi, amekula nini jana, watoto wake wanafanya kazi gani, kisha nisaini asamehewe bili au nisisaini.

Naomba nikueleze kinachofuata baada ya saini ile. Mhasibu anaingiza kiasi kile kwenye mfumo, anaandika "msamaha", shughuli imeisha. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, serikali imetaja makundi ya kusamehewa: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wenye kifua kikuu na wengine. Ni jambo jema kabisa. Lakini katika miaka yangu yote kazini sikuona fungu lililokuja kuirudishia hospitali ilichosamehe. Glavu, uzi wa kushonea, dripu, vipimo, vyote vilikuwa vimeshatumika, na vingi vilinunuliwa kwa makusanyo ya wagonjwa waliolipa. Bohari ya Dawa, inayoziuzia hospitali za umma dawa, haipokei msamaha, inapokea fedha. Kwa hiyo kadiri hospitali inavyohudumia maskini wengi ndivyo rafu zake zinavyokauka mapema, na maskini anayefuata anasamehewa kulipia dawa ambayo haipo. Anaambiwa akanunue nje. Kwenye duka la dawa ng'ambo ya geti, saini yangu ilikuwa wino tu.

Kila mwisho wa mwezi tuliitwa kikaoni, mganga mfawidhi akauliza kwa nini msamaha umepanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni la dawa na posho za vibarua, vyote vikisubiri makusanyo yale yale. Mwezi uliofuata nikawa mgumu. Bibi mmoja mwenye vidonda vya kisukari alikuja bila barua ya mtaa. Nilimrudisha akaifuate, nikijua nauli ya kwenda na kurudi hana. Sikumwona tena. Nimestaafu, lakini bibi yule nalala naye na kuamka naye.

Naijua Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Siku Bunge lilipoipitisha nilishukuru kwa sauti, peke yangu sebuleni. Sheria ile imesema wasio na uwezo watalipiwa, na imetaja fedha itoke wapi: kodi za soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha na kadhalika. Hapo ndipo ninapokuomba usimame imara. Fedha iliyokatwa kwa jina la mgonjwa maskini ifike kwa mgonjwa maskini, isipitie kwenye kapu kuu ikamezwa na dharura nyingine, na kila robo mwaka wananchi watangaziwe kiasi gani kimeingia na kimelipia kaya ngapi.

Hata hivyo orodha ya kaya maskini, iwe ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, au nyingine, haitatosha. Orodha humwona aliyekuwa maskini siku ya kuandikishwa. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja hakuwa maskini Jumatatu. Jumanne yuko wodini amening'inizwa mguu, pikipiki ya mkataba imerudi kwa mwenyewe, na mama yake ameuza mabati aliyokuwa akidunduliza ili anunue vyuma vya kumfungia mwanawe. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wa namna hiyo: ugonjwa wenyewe ndio uliowafukarisha. Hao hawamo kwenye orodha yoyote, na ndio wanaogonga mlango wa ustawi wa jamii.

Kwa ajili yao naomba fungu la msamaha katika bajeti, lenye jina lake na mstari wake. Hospitali iwasilishe madai ya waliosamehewa kama inavyowasilisha madai ya wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yahakikiwe, yalipwe. Njia ya kuhakiki na kulipa madai ipo tayari, haihitaji kubuniwa upya.

Najua washauri wako watakwambia wadanganyifu watajazana. Wapo, nimewaona, na baadhi yao niliwapitisha bila kujua. Lakini niliowarudisha kimakosa ni wengi kuliko waliopita kwa hila. Afisa mwenye hofu ya kikao cha mwisho wa mwezi hakosei kwa kutoa, hukosea kwa kunyima.

Kabla hujasimama bungeni Juni na hotuba ya bajeti, ziagize hospitali zote za mikoa zikuletee safu moja tu ya taarifa zao za mwaka, ile iliyoandikwa "msamaha". Ijumlishe mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Afisa ustawi wa jamii mstaafu
Morogoro